Treni ipi ya abiria ifae Kisumu na Nakuru: kichwa na mabehewa, DMU mpya au DMU iliyotumika?

Kati ya Nakuru na Kisumu kuna reli moja yenye tabia mbili. Inatoka Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, inapanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500. Kisha inateremka Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi uwanda wa Kano na kuishia Kisumu, mita 1,150 hivi. Anayechagua treni ya abiria wa kila siku upande huu wa nchi aamue kwanza itafanya kazi mlimani au uwandani. Treni itakayofaa sana Kisumu–Muhoroni inaweza kuwa hatari ikishuka kutoka Molo, na hilo huwezi kulisoma kwenye brosha ya kiwanda.

Tunalinganisha aina tatu. Ya kwanza ni kichwa cha dizeli kinachovuta mabehewa, mpango ule ule wa treni ya Nairobi–Kisumu iliyorejea Desemba 2021. Ya pili ni DMU mpya: treni fupi ya mabehewa mawili hadi manne, injini za dizeli zimefungwa chini ya sakafu, na kuna chumba cha dereva kila upande. Ya tatu ni DMU iliyokwisha kutumika kwingine, njia ambayo Kenya iliifuata mwaka 2020 ilipoleta treni zilizoundwa na CAF kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa ajili ya Nairobi. Treni za betri tutazigusa kidogo tu, kwa kuwa hesabu yake huisha haraka.

Zote lazima ziwe za reli yenye upana wa mm 1,000 kati ya chuma na chuma. Za SGR, reli mpya pana, ni mm 1,435, haziwezi kukanyaga reli hii. Treni nyingi za mitumba kutoka Japani ni mm 1,067, na hapo wauzaji hupenda kusema kwamba tofauti ni ndogo. Milimita 67 ni seti zote za ekseli na magurudumu kutengenezwa upya, mara nyingine breki nazo kuhamishwa, kisha treni kurudi kwenye majaribio kana kwamba haijawahi kutembea. Thailand imefanya hivyo na inawezekana. Gharama yake tu iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Hitilafu za miezi ya kwanza

Treni mpya husumbua zaidi katika miezi yake ya mwanzo kuliko mwaka wa tatu. Waya iliyobanwa vibaya, swichi iliyokaa milimita mbili nje ya mahali pake, programu inayodhani volteji ikishuka kidogo injini imezimika: haya hujitokeza treni inapoanza kutikiswa na reli halisi na kujazwa watu halisi. Kwa hiyo usichukue DMU ya miezi miwili na kichwa cha miaka thelathini ukahesabu tu ni mara ngapi kila kimoja kilisimama. Tazama kama hitilafu zinapungua mwezi hadi mwezi, na ni zipi zinazorudi zile zile.

Milango ndiyo inayoongoza. DMU ya mabehewa manne, yenye milango miwili kila upande wa behewa, hufungua milango minane kwenye kila stesheni. Ikisimama mara 10 kwa safari na kufanya safari 10 kwa siku, hiyo ni mizunguko 800 ya kufungua na kufunga. Hata mlango ukikosea mara moja tu katika kila mizunguko 10,000, treni hiyo moja itapata mlango uliokwama kila baada ya siku 12 au 13. Na mmoja unatosha. Swichi za milango yote zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo ule mmoja usipothibitisha kwamba umefungwa, dereva hapewi nguvu ya kuondoka. Chanzo huwa kitu kidogo: mchanga kwenye mfereji wa chini, mpira wa ukingo uliovimba, skrubu ya swichi iliyolegea, au abiria aliyezuia mlango ili mwenzake aingie. Mjini Ottawa, Kanada, ambako treni mpya za Alstom zilianza kubeba abiria Septemba 2019, mlango uliozuiwa kwa mkono uliweza kusimamisha treni nzima na kuchelewesha zilizo nyuma yake.

Mabehewa ya kawaida yenye milango ya mkono hayana tatizo hilo. Yana lingine baya zaidi: watu hupanda na kushuka treni ikitembea. Kwa safari ya usiku yenye vituo vichache linadhibitika, lakini kwa treni ya asubuhi inayosimama kila baada ya kilomita tano halidhibitiki. Sisi tunachagua milango ya kujifunga, na kondakta apewe ufunguo wa pembe nne wa kuutenga mlango mbovu. Jaribuni hilo mkiwa na saa: mlango utengwe, ubandikwe tangazo, treni iondoke, yote ndani ya dakika mbili. Kama ni lazima asubiriwe fundi mwenye kompyuta, treni hiyo haijawa tayari kupokelewa.

Jaribio la mlango wenyewe ni rahisi na wananchi wanaweza kulishuhudia. Kiwango cha Ulaya cha EN 14752 hutumia kipande cha mm 30 kwa 60: kiwekwe juu, katikati na chini ya mlango, na kila mara mlango ukitambue. Baada ya hapo tumieni vitu vyembamba ambavyo kipande hicho hakiviwakilishi, kama mkanda wa begi la shule au pindo la leso. Vitu hivi hupenya kati ya mipira miwili, swichi ikasema mlango umefungwa, na mtu akaburutwa. Hakikisheni mtu wa nguvu za kawaida anaweza kuvuta leso hiyo ikatoka.

Baada ya milango huja kompyuta ya treni na sensa zake. DMU mpya hupima joto la maji, shinikizo la oili na la hewa, na mambo mengine mengi, na mara nyingi sensa yenyewe huharibika kabla ya kile inachokipima. Sensa ya joto iliyoingia maji husababisha injini nzima kushushwa mwendo. Mkataba useme wazi ni sensa zipi zinaweza kuzima injini, na dereva awe na swichi ya kuruka sensa mbovu ili aifikishe treni stesheni inayofuata. Ugumu wa programu si jambo la kudharau: reli ya Elizabeth mjini London ilipangwa kufunguliwa Desemba 2018, ikafunguliwa 24 Mei 2022, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na kuzifanya treni mpya zielewane na mifumo mitatu tofauti ya ishara. Reli yetu haina mzigo huo, na ni nafuu kubwa. Basi msijiletee mwingine kwa kuagiza skrini, kamera na vifaa ambavyo hakuna karakana ya Nakuru wala Kisumu itakayovitunza.

Kichwa na mabehewa hapa kinashinda kwa urahisi wake. Behewa lina breki, taa, maji na betri, basi. Lakini hitilafu ikipiga kichwa, abiria wote wamekwama, ilhali DMU yenye injini nne ikipoteza moja hubaki na robo tatu ya nguvu.

Mlimani: breki, joto na hewa nyepesi

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa kwa upande wa Nakuru, na ndipo nyaraka za zabuni huwa na mistari michache kupita kiasi.

Chukua treni ya tani 160, yaani DMU ya mabehewa manne yenye abiria, ikishuka mteremko wa asilimia 2, mita 2 kwa kila mita 100. Mvuto wa ardhi unaisukuma kwa nguvu ya kilonyutoni 31. Ili isizidi kilomita 30 kwa saa, ukitoa msuguano wa kawaida wa magurudumu, breki zinapaswa kumeza karibu kilowati 220 mfululizo. Gawanya kwa magurudumu 32: kilowati 7 kwa kila moja, sawa na kulizungushia majiko manne ya umeme ya sahani moja yaliyowashwa hadi mwisho. Kutoka Mau Summit hadi Muhoroni reli inashuka zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo joto hilo halidumu dakika mbili tatu. Linaendelea kwa zaidi ya saa moja. Padi za breki hupoteza mkwaruzo, magurudumu yanayobanwa juu ya uso wake hupata nyufa za joto, na grisi ya beringi huanza kuyeyuka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: joto la mteremko linaenda wapi bila kutumia padi?

Kichwa cha dizeli-umeme, kama vile vya daraja la 93 vya General Electric vilivyoko Kenya, kina jibu zuri kikiwa kizima. Mota za magurudumu hugeuzwa kuwa jenereta, na umeme wake huchomwa kwenye vyuma vya ukinzani vyenye feni. Kasoro zake ni mbili. Breki hiyo hushika magurudumu ya kichwa peke yake, na hudhoofika treni inapokaribia kusimama. Feni ya vyuma hivyo ikikwama au waya ukikatika, dereva hurudi kwenye breki za hewa, na mabehewa hubeba mzigo wote.

DMU yenye gia ya mafuta inaweza kuwekewa ritada, breki inayopunguza mwendo kwa mafuta ya gia bila padi, ile ile wanayoijua madereva wa malori ya masafa. Inafanya kazi vizuri sana, lakini joto lake huenda kwenye maji ya injini, na maji hayo hupozwa na radieta. Mau Summit hewa ina shinikizo la takriban robo tatu ya lile la pwani, hivyo feni husukuma hewa nyepesi. Maji yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 92 hivi, wala si 100. Kifuniko cha radieta kilicholegea, kitu ambacho Kisumu kisingeonekana kuwa hatari, huko juu huchemsha maji, kompyuta huondoa ritada, na treni hubaki na padi pekee katikati ya mteremko. DMU isiyo na ritada kabisa, yenye breki ya injini tu, tusingeipokea Nakuru–Molo kwa bei yoyote.

Umbali wa kusimama nao ubadilike kwenye karatasi zenu. DMU inayopunguza mwendo kwa 0.8 m/s² ikiwa kilomita 60 kwa saa husimama kwa mita 174 kwenye tambarare, bila kuhesabu muda wa breki kushika. Kwenye mteremko wa asilimia 2 inahitaji mita 230. Breki za behewa moja kati ya manne zikiwa zimetengwa, mita 344. Ukiongeza sekunde mbili za breki kujaa hewa, kila tarakimu inapata mita 33 zaidi. Vivuko vya barabara vyenye mwonekano wa mita 250 vinahitaji kikomo cha mwendo chini ya hapo, na kikomo hicho kiwekwe kwa hali ya behewa moja kutengwa, si kwa hali ya treni nzima.

Majaribio ya mlimani tunayoyaona kuwa ya lazima ni haya. Pakia treni kwa magunia ya mchanga: behewa la watu 160 wa kilo 70 linahitaji kilo 11,200, yaani magunia 224 ya kilo 50, yaliyotandazwa sawasawa sakafuni na wala si kurundikwa katikati. Shuka mara ya kwanza kwa ritada au breki ya umeme pekee, mara ya pili kwa breki za hewa pekee. Kwenye kila stesheni simama, na fundi apitie magurudumu yote kwa kipimajoto cha mwali, akiandika namba ya gurudumu na nyuzi zake. Gurudumu lenye joto kubwa kuliko wenzake lina breki inayoburuta. Lililo baridi halisaidii kitu, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi kwa sababu halitoi moshi wala harufu. Linganisha na kikomo cha joto alichoandika mtengenezaji wa padi.

Kisha breki ya kuegesha. Treni iliyojaa magunia isimamishwe kwenye mteremko mkali, hewa yote itolewe kwenye matangi, na iachwe usiku kucha kwa springi za breki pekee, vigingi vikiwa vimewekwa umbali mfupi mbele ya magurudumu kwa usalama. Chora mstari wa chaki kutoka gurudumu hadi reli. Asubuhi mstari uwe haujakatika.

Kupanda kuna jaribio lake: treni iliyojaa, injini moja imezimwa, ianze kutoka mahali pa kusimama kwenye mlima na reli iliyomwagiwa maji. Ukungu wa Molo hulowesha reli asubuhi nyingi, na treni isiyo na mchanga mkavu huteleza. Kagueni mfumo wa mchanga kwa mkono: kinga kopo chini ya kila bomba kwa sekunde 30, pima kwenye mizani, linganisha kushoto na kulia. Mchanga ulioshika unyevu huganda kwenye kona ya bomba, na kosa hilo huligundui ukikaa kwenye kiti cha dereva.

Kompresa ipimwe juu pia, maana kiwandani hupimwa karibu na usawa wa bahari. Iliyojaza matangi kwa dakika 6 huko itahitaji takriban 8 Mau Summit, na kama wakati huo huo inalisha milango na mifuko ya hewa ya springi, hewa ya breki ndiyo isikose. Uvujaji upimwe treni ikiwa imesimama na kompresa imezimwa: bomba la breki likiwa bar 5, lisipoteze zaidi ya bar 0.2 kwa dakika. Vifaa vya umeme navyo huandikiwa mwinuko wake, mara nyingi mita 1,000 au 1,400. Nakuru mjini tayari mmeshavuka.

Na betri? Kupandisha tani 160 kwa mita 690, kutoka Nakuru hadi Mau Summit, kunahitaji kWh 300 kwa uzito pekee, kabla ya msuguano, taa na hasara za mota. Kushuka kungerudisha sehemu nzuri ya umeme huo. Lakini Kenya haina reli ya umeme wala kituo cha kuchajia treni kwenye njia hii, na betri za kutosha huongeza tani zinazopaswa kupandishwa. Kwa sasa hapana.

Uwandani: udongo, miwa na wadudu

Kutoka Muhoroni kupitia Chemelil, Kibigori na Miwani hadi Kisumu mteremko ni mdogo, na breki karibu aina yoyote inatosha. Adui ni udongo mweusi. Hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, reli moja ikazama kuliko mwenzake ndani ya mita chache. Behewa lenye springi ngumu haliufuati msokoto huo: gurudumu moja hupungukiwa na uzito, ukingo wake hupanda juu ya reli, na treni hutoka. Mabehewa ya zamani yenye fremu inayonyumbuka huvumilia. Mabehewa mapya yenye mwili mgumu wa chuma yanategemea springi zake.

Kiwango cha EN 14363 kina jaribio la hili linalofanyika treni ikiwa imesimama: vipande vya chuma huwekwa chini ya magurudumu kuiga msokoto, na mizani husoma kila gurudumu limebaki na uzito kiasi gani. Lisipoteze zaidi ya asilimia 60. Dai jaribio lirudiwe mifuko ya hewa ikiwa imetolewa hewa, kwa sababu mfuko mmoja ukipasuka Miwani ndivyo treni itakavyotembea hadi Kisumu. Hapa DMU mpya na ile ya mitumba hazitofautiani kwa umri. Kinachozitofautisha ni kama cheti cha jaribio hili kipo au hakipo.

Mafuriko ya mto Nyando huleta maji juu ya reli. Kichwa cha dizeli-umeme huzuiwa maji yakiwa inchi chache tu juu ya reli, kwa kuwa mota zake zimekaa kwenye ekseli. DMU ina gia, betri na viunganishi vingi vya waya chini ya sakafu. Mtengenezaji aandike kimo cha maji kinachoruhusiwa na mwendo wake, na stesheni ziwe na nguzo yenye alama ya kimo hicho.

Halafu takataka za hewani. Majani makavu ya miwa na masizi ya mashamba yaliyochomwa hukaa kwenye radieta za chini ya sakafu, na yakikutana na oili iliyovuja karibu na bomba la moshi yanawaka. Karibu na ziwa, wadudu wadogo wanaotanda kwa makundi hujaza filta za hewa na za kiyoyozi kwa usiku mmoja. DMU huvuta hewa yake chini, mahali pachafu. Kichwa huvuta juu, na kwa hili kina nafuu ya kweli. Ukichagua DMU, dai wavu wa radieta unaofunguka bila spana, na ratiba ya kupuliza radieta kila wiki wakati wa kuvuna.

Lakini DMU hulipia kasoro hiyo kwenye mwisho wa njia. Kichwa kikifika Muhoroni au Butere kinafunguliwa, kinazunguka kwa reli ya pembeni, kinafungwa upande wa pili, breki zinapimwa upya: dakika 15 hivi. Dereva wa DMU anatembea hadi chumba cha upande wa pili na kujaribu breki, dakika 5. Kwa mageuzo 10 kwa siku mnapata dakika 100, muda wa safari nzima ya ziada. Faida hii ndiyo inayotufanya tuipendelee DMU kwa abiria wa kila siku.

Kitu kimoja husahaulika: koplingi, kiungio cha kufungia treni na treni. DMU iliyokwama Kibigori italazimika kuvutwa na kichwa cha mizigo, na koplingi zake mara nyingi hazishikani. Kiunganishi cha kuokoa kikae ndani ya treni yenyewe. Fanyeni jaribio kamili, koplingi na bomba la hewa vikiunganishwa, treni ivutwe hadi stesheni. Zaidi ya dakika 45, rudieni mafunzo.

DMU ya mitumba: cha kukagua kabla ya kulipa

Umri wa injini haututishi, injini hubadilishwa. Kinachotutisha ni mpira, waya na ekseli. Mipira ya springi hukakamaa hata treni ikiwa imeegeshwa. Bahasha ya waya huvunjika ukiikunja, na kuweka waya upya kwenye behewa zima ni kazi ya miezi. Ekseli zipimwe zote kwa mawimbi ya sauti, na ripoti iandikwe kwa namba ya kila ekseli, si kwa treni nzima. Fungua sakafu kwenye choo na chini ya milango, ndiko kutu huanzia. Pima unene uliobaki wa magurudumu, kwa sababu gurudumu lililochongwa mara nyingi linakaribia kutupwa, na ukubwa wake huenda hauuzwi tena. Shafti za propela, zinazopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, ziwe na vyuma vya kuzidaka zikikatika, la sivyo ncha yake huchimba mataruma.

Hati ndizo nusu ya bei. Bila kumbukumbu za matengenezo, michoro ya waya na programu ya kuzungumza na kompyuta ya treni pamoja na nywila zake, mnanunua chuma. Na vipuri: uliza ni vingapi kati ya moduli za milango na kadi za umeme bado vinatengenezwa. Jibu likiwa "tutawatafutia", dai treni ya ziada ya kutolewa vipuri iingie kwenye bei ile ile.

Hata hivyo msidhani upya ni kinga. Uingereza ilisimamisha treni za Class 800 Mei 2021 baada ya nyufa kuonekana sehemu za kuinulia na kwenye vishikio vya dampa (vizuia-mtikisiko), treni zikiwa na miaka michache tu kazini. Uholanzi na Ubelgiji ziliziondoa treni mpya za Fyra V250 Januari 2013, wiki chache baada ya kuanza safari za Amsterdam–Brussels.

Pima reli kwanza

Kabla ya aina yoyote kuagizwa, behewa la kupimia lipitishwe kwenye kila jukwaa, daraja na tuneli, hasa mteremko wa Kipkelion na Fort Ternan. Mwaka 2023 Uhispania iligundua kwamba treni ilizoagiza kwa ajili ya reli zake za mita moja za Asturias na Cantabria zisingepita kwenye baadhi ya tuneli. Bahati nzuri zilikuwa bado hazijaundwa. Ufaransa mwaka 2014 ililazimika kuchonga majukwaa yapatayo 1,300 kwa sababu treni mpya zilikuwa pana. Afrika Kusini mwaka 2015 ilijikuta na vichwa vya Afro 4000 vyenye kimo cha mm 4,140 ilhali kikomo kilikuwa mm 3,965. Kosa hili huzuilika kwa tepu ya kupimia na wiki chache za kazi.

Tungechagua hivi

| Njia | Chaguo letu | Sharti |
|---|---|---|
| Kisumu–Muhoroni | DMU mpya | seti tatu, moja ya akiba |
| Kisumu–Maseno–Butere | DMU mpya | ritada, kwa ajili ya mlima wa Maseno |
| Nakuru–Molo–Mau Summit | Kichwa na mabehewa | breki ya umeme nzima, milango ya kujifunga |
| Nakuru–Naivasha | DMU, mpya au ya mitumba | ukaguzi wa ekseli na hati zote |

Kama fedha zinatosha seti mbili tu za DMU, bora kichwa na mabehewa hata Kisumu. Seti moja ikiwa karakanani na nyingine ikipata mlango mbovu, hakuna treni, na abiria waliorudi kwenye matatu hawarudi haraka. Nakuru–Molo tutabadili mawazo siku DMU iliyojaa magunia itakaposhuka hadi Fort Ternan kwa ritada pekee, karatasi ya joto la magurudumu ikiwa mezani.

Majaribio ya mwisho ni kutembea kwa ratiba kamili bila abiria. Tunapendekeza kilomita 10,000 kwa kila seti. Kisumu–Muhoroni kwenda na kurudi ni kama kilomita 100, hivyo mizunguko mitano kwa siku huzimaliza kwa siku 20. Hitilafu ya breki, mlango au moto inarudisha hesabu kwenye sifuri. Kuchelewa zaidi ya dakika 5 kwa kosa la treni kunaandikwa, na kukizidi mara mbili kwa kilomita 10,000 seti hiyo inaanza upya. Vigezo viandikwe kabla ya gurudumu la kwanza kuzunguka na visiguswe tena: uchunguzi wa umma kuhusu treni za Ottawa, uliotoa ripoti yake Novemba 2022, ulionyesha kwamba kiwango cha kufaulu kilishushwa wakati majaribio yakiendelea, na treni zikapokelewa.

Hati ya kupokea isainiwe hapa, Kisumu au Nakuru, na mhandisi aliyekuwa ndani ya treni wakati wa majaribio. Asilimia 10 ya bei izuiwe hadi miezi 12 ya kubeba abiria iishe, ukiwemo msimu mmoja wa mvua za masika na mmoja wa kuvuna miwa.